Kifuniko cha Mtungi

Jumamosi naamka kabla ya mwadhini wa Tororo,
si kwa swala, Mungu anajua, ni kwa ajili ya vumbi.
Wauza vyuma chakavu kando ya reli
hupanga mizigo yao mapema:
vyerehani bila miguu, pasi za makaa,
redio zilizotolewa matumbo,
na chini kabisa, siku ya bahati, santuri.

Okiring huzipima kwa kilo pamoja na sufuria.
"Dada Athieno," hunicheka, "unanunua giza lenye tundu."
Namlipa. Nanusa. Ninazo mia mbili na kumi na nne.

Nimejifunza kuzisoma kwa kidole kabla ya sindano:
mikwaruzo ya mviringo ni ya mpenda ngoma,
ya kukata ni ya mtoto mwenye msumari,
na doa la nta ni la usiku umeme ulipokatika
watu wakakataa kwenda kulala.
Moja ina wino kwenye karatasi ya katikati:
"Mali ya F. Wandera, Stoo ya Reli. Ukiazima, rudisha."
Sijui pa kurudisha, Bwana Wandera.

Lakini ninayotaka kuisema niliipata Osukuru,
kwa Nyafwono, nilipoomba maji ya kunywa.
Alifunua mtungi, na alichofunulia ni santuri,
upande mmoja ukitazama maji, mwingine ukitazama paa,
kikombe cha bati kimeketi juu ya tundu.
Maji yakanisahaulika mkononi.
Kesho yake nilimpelekea kifuniko cha enameli chenye maua
na elfu tano juu yake.
Alinisindikiza hadi barabarani,
nadhani ahakikishe nimeondoka.

Lebo ilikuwa imelowa hadi ikawa ukungu.
Niliiosha kwa sabuni ya mche na fulana kuukuu,
nikailaza chini ya cherehani siku tisa inyooke.
Haikunyooka. Sauti inapanda, inashuka,
kama mtu anayekwea Mwamba wa Tororo na mzigo,
na gitaa liko nyuma yake likimwambia pole, pole.
Daftarini, mahali pa jina la mwimbaji,
niliandika: Kifuniko cha Mtungi.

Mwezi wa pili Nyafwono akatokea dukani,
gomesi ya kijani, jasho, enameli kwapani.
"Nirudishie changu. Maji sasa yana ladha ya duka."
Sikubishana. Niliomba dakika tatu tu,
nikashusha mkono wa sindano
kama unavyomlaza mtoto aliyekataa usingizi.

Hakukaa. Alisimama ameshika mlango.
Gitaa lilipoingia alisema, "Ah,"
kama mtu aliyeguswa bega sokoni.
Kisha, baada ya muda:
"Huyu ndiye aliyenifanya niachwe na treni ya Kasese.
Nilisema, ngoja upande huu uishe.
Treni haikungoja."
Nani alikuwa ndani ya treni hiyo, hakusema.
Nilijifanya nafunga uzi.

Katikati pana mkwaruzo mrefu. Huwa naulaani,
maana sindano huruka mstari mzima
na sijawahi kujua mwimbaji anamwomba nani, nini.
Siku hiyo pia sindano iliruka.
Nyafwono hakuruka.
Aliutia mstari mahali pake kwa sauti kavu,
bila kunitazama, bila kuharakisha,
akamwachia mwimbaji aendelee pale alipomkuta.

Nilimuuliza jina lake, huyo mwimbaji,
kalamu tayari mkononi, daftari wazi.
"Nilikuwa nacheza," alisema, "sikuwa nasoma."

Akaokota enameli yake mezani,
akaifuta kwa upindo wa gomesi, akatoka.
Mlangoni aligeuka kidogo.
"Wacha," akasema. "Maji yatazoea."